Kalibu na Faroma: Viumbe Hai Kuwa Violezo vya Metali

Sonara atakaye vipuli viwili visivyopitana hata chembe huiyeyusha dhahabu, huimimina katika kalibu, na ikiisha kupoa huifungua kalibu akatoa kitu chenye umbo lile lile alilolikusudia. Kazi hiyo huitwa kusubu, na ustadi wake karibu wote umo katika kalibu yenyewe. Lakini kalibu haiwezi kuwa na nakshi iliyo nyembamba kuliko ncha ya chombo kilichoichonga, na kwa sababu hiyo kila fundi, awe mhunzi, awe sonara, ana mpaka asioweza kuupita. Tangu miaka ya 1990 wanakemia wa nchi mbalimbali wameujaribu mpaka huo kwa njia isiyotazamiwa: badala ya kuchonga kalibu, wamezichukua zilizokwisha kuumbwa na viumbe hai, yaani virusi, protini zinazohifadhi chuma mwilini, nyuzi za urithi na magamba ya mabawa ya vipepeo, wakazijaza au kuzivika metali. Jambo hili ni la kemia; hata hivyo lina haki ya kutazamwa na watu wa lugha pia, kwa kuwa neno moja wanalolitumia wanakemia kwa kazi zote hizo hufunika mambo yaliyo mbalimbali, na Kiswahili kina maneno ya zamani yanayoyatenga vizuri zaidi.

Kipimo kinachotumika hapa ni nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Metali ikigawanywa hadi kufikia nanomita chache hubadilika tabia. Dhahabu, mathalani, ikiwa chembe ndogo mno zilizotawanyika majini huonekana nyekundu. Lakini lililo zito zaidi ni habari ya uso. Mchemraba wa platini wenye sentimita moja kila upande una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwakatwa kuwa michemraba ya nanomita 10 kila upande, jumla ya nyuso zake hufikia mita za mraba 600, na uzito haukuongezeka hata kidogo. Platini na paladiamu ni vichocheo: huharakisha mabadiliko ya kemikali bila zenyewe kutumika, na kazi yao hufanyika juu ya uso tu. Atomu iliyofichwa ndani ya bonge ni mali iliyolala. Basi mwenye kuweza kuipa metali ghali umbo jembamba, au lenye matundu mengi, huitumia kidogo mahali palipohitaji nyingi.

Ni kweli kwamba viwanda vya vipuri vya kompyuta huchora mistari ya kipimo cha nanomita kwa mwanga na kwa miale ya elektroni. Mashine zao, hata hivyo, ni za gharama kubwa mno, na huchora zaidi juu ya uso ulio bapa. Mwanzi ulio wazi katikati, au tungo lenye ghorofa ndani ya ghorofa, si kazi nyepesi kwao. Kiumbe hai hujenga vitu hivyo kila siku, katika maji, bila tanuri.

Mfano uliochunguzwa sana ni kirusi cha batobato la tumbaku. Wakulima wengi wa Tanzania hulijua neno batobato kwa ugonjwa wa mihogo, ambao husababishwa na virusi vya jamii nyingine kabisa. Lakini dalili yake, yaani mabaka ya kijani na manjano juu ya jani, inafanana kiasi cha kulifanya neno lifae hapa pia. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alionyesha katika Urusi kwamba utomvu wa jani la tumbaku lililo gonjwa, hata ukipitishwa katika kichujio kinachozuia bakteria, bado huambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akasema kwamba kiambukizi hicho si bakteria bali ni kitu cha namna nyingine, naye ndiye aliyekipa jina la virusi. Wendell Stanley, katika Marekani, alikitoa kikiwa fuwele mwaka 1935, jambo lililompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1946. Katika miaka ya 1950 Rosalind Franklin na wenzake wa London walikipiga miale ya eksirei, na kazi yao ikasaidia kuthibitisha kwamba kirusi hicho ni mwanzi ulio wazi katikati, na kwamba uzi wake wa urithi haupiti katika uwazi ule bali umezama ndani ya ukuta.

Vipimo vya mwanzi huo ni vya kustaajabisha kwa usawa wake. Urefu ni nanomita 300, unene nanomita 18, na tundu la katikati lina upana wa nanomita 4. Ukuta wake una vipande 2,130 vya protini ya namna moja, vilivyopangwa kwa kuzunguka kama meno ya parafujo. Sababu ya usawa wa urefu imo katika uzi wa urithi: protini hujipanga kuufuata uzi, na uzi ukiisha, mwanzi nao huishia. Hakuna fundi anayesimama kupima. Fauka ya hayo, kirusi hiki hakimdhuru mtu, huvumilia joto linalokaribia digrii 90 za Sentigredi, na kilo moja ya majani yaliyoambukizwa huweza kutoa gramu nzima ya virusi au zaidi. Kwa mkulima hiyo ni hasara tupu. Kwa mwanakemia ni shamba la kalibu.

Mwaka 2003 Mato Knez na wenzake wa Taasisi ya Max Planck katika Stuttgart walitangaza kwamba wamelitumia tundu la kirusi hicho kutengenezea nyaya za nikeli na za kobalti. Unene wa nyaya hizo ulikuwa nanomita 3, na zilizo ndefu zilifika nanomita 600, yaani urefu wa virusi viwili vilivyoungana ncha kwa ncha. Atomu ya nikeli ina upana wa robo ya nanomita hivi; kwa hiyo waya wenyewe haukuzidi atomu kumi na mbili kwa upana. Hapakuwa na moto wala metali iliyoyeyuka. Virusi viliwekwa kwanza katika maji yenye chumvi ya paladiamu, nayo ikashika katika kuta. Kisha vikatiwa katika mmumunyo wa nikeli pamoja na kemikali inayozipa ioni za metali elektroni zinazozikosa. Nikeli ikaanza kujikusanya juu ya vile vituo vya paladiamu, chembe juu ya chembe, hata tundu likajaa.

Hapa ndipo neno kusubu linapokataa. Kusubu ni kumimina: metali ni maji ya moto, nayo hulifuata umbo kwa uzito wake, bila kujali kalibu imefanywa kwa udongo, kwa mchanga au kwa jiwe, mradi iweze kuhimili joto. Katika kazi ya Stuttgart metali haikumiminwa bali iliota. Nayo haioti popote. Huota mahali palipotiwa mbegu, na mbegu hushika pale tu ukuta ulipo na viungo vya kemikali vya kuipokea. Ukuta wa ndani wa mwanzi na ukuta wa nje haukufanana kwa viungo hivyo. Kwa kuchagua chumvi ya kuanzia na kwa kurekebisha mmumunyo, wanakemia wameweza kuielekeza metali iote ndani peke yake, au nje peke yake, au pande zote mbili. Umbo la kalibu, basi, ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni tabia ya ngozi yake. Anayelisahau jambo hili hudhani kwamba kila kiumbe chenye umbo zuri kinaweza kutumiwa, akashangaa metali inapotuama chini ya chombo kama tope na kukiacha kiumbe mtupu.

Kitenzi kilicho karibu zaidi na kazi hii kimo madukani kwa masonara. Pete ya shaba iliyofunikwa utando wa dhahabu huitwa pete ya kuchovya, na dhahabu yake dhahabu ya kuchovya. Neno hilo limepata sifa mbaya, kwa kuwa wengi wameuziwa pete za kuchovya kwa bei ya dhahabu tupu. Lakini maana yake ya ufundi ni safi, nayo ni kukitia kitu katika mmumunyo mpaka metali ikishike. Ndivyo hasa inavyofanyika, isipokuwa sonara hutumia umeme, na wanakemia hawa aghalabu hawautumii. Kusema kwamba kirusi kimechovywa nikeli ni kusema kweli bila kuazima neno lolote.

Linabaki jina la kiumbe chenyewe. Wataalamu wa sasa hutumia kiolezo au kigezo, na maneno yote mawili yana asili njema: kiolezo ni kitu cha kuigwa, kutoka kitenzi oleza, na kigezo ni kitu cha kupimia. Udhaifu wa kigezo ni kwamba siku hizi kimeelekea sana katika maana ya sharti la kupimia ubora, hata msomaji wa magazeti akiona kigezo cha kirusi atafikiri juu ya uchunguzi wa maabara. Kiolezo ni salama zaidi, nacho kifae kuwa neno la jumla. Lakini neno la jumla halielezi metali imekaa upande gani, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanakemia hutaka kulijua. Kwa metali iliyokaa ndani, kalibu latosha. Kwa metali iliyokaa nje kuna neno ambalo limesahauliwa katika maandishi ya sayansi, nalo ni faroma. Faroma ni kile kifaa cha mbao ambacho kofia iliyofuliwa huvishwa juu yake ili ikauke bila kusinyaa na kupotewa na umbo. Kofia haiingii ndani ya faroma, huizunguka. Kirusi kilichovikwa nikeli kwa nje kimekuwa faroma, na kilichojazwa tundu kimekuwa kalibu, ingawa ni kirusi kile kile.

Asili ya maneno haya mawili yenyewe ina mchezo ndani yake. Kalibu limetoka katika Kiarabu, na wanaisimu wengi hulifuatia neno la Kiarabu hadi Kiyunani, ambako maana yake ilikuwa mguu wa mti, yaani ule wa fundi viatu ambao ngozi huvutwa juu yake. Faroma kwa upande wake hudhaniwa kutoka katika Kireno, ambamo neno lililo asili yake husemwa kwa kalibu ya fundi viatu, na kwa chombo cha kuokea keki pia. Neno la kwanza, basi, lilianza likiwa la kuvikwa likaishia kuwa la kujazwa. Na la pili, ambalo kwa wenyewe lina maana zote mbili, pwani ya Afrika ya Mashariki ikaliachia moja. Ubaguzi kati ya ndani na nje haukuja na maneno. Waliufanya mafundi wa pwani, na lugha ya kisayansi ingepata hasara kuupuuza.

Kwa kalibu halisi, mfano bora kuliko wa kirusi ni ferritini. Hii ni protini inayohifadhi chuma katika miili ya wanyama na mimea. Vipande vyake 24 hukutana na kufanya mpira wenye unene wa nanomita 12 na uwazi wa nanomita 8 ndani yake, ambamo huweza kukaa atomu za chuma zipatazo 4,500. Mwaka 1991 Fiona Meldrum, Stephen Mann na wenzao walionyesha kwamba uwazi huo unaweza kutumiwa kufanyia chembe za madini mengine zaidi ya yale ambayo maumbile yaliukusudia. Mwaka 2004 kundi la Wajapani, Takafumi Ueno na Yoshihito Watanabe wakiwamo, liliweka paladiamu ndani yake, na hapo likatokea jambo ambalo kalibu ya sonara haijui. Ukuta wa ferritini una vijia vyembamba ambavyo kwavyo chuma huingia na kutoka. Paladiamu iliyomo ndani iliendelea kufanya kazi ya kichocheo, lakini molekuli ndogo zilipenya upesi na kufikiwa nayo, na zilizo kubwa zikacheleweshwa mlangoni. Kalibu haikuvunjwa wala kufunguliwa. Ilibaki ikawa nyumba yenye bawabu.

Uzi wa urithi, ule uitwao DNA, ni habari nyingine. Mwaka 1998 Erez Braun na wenzake wa Technion katika Haifa waliutandika uzi mmoja kati ya vipande viwili vya dhahabu, wakauchovya katika chumvi ya fedha, kisha wakaikuza fedha hiyo kwa njia inayofanana sana na ile ya kusafishia picha katika chumba cha giza. Walipata waya wa fedha wenye urefu wa maikromita 12, yaani nanomita 12,000, nao ulipitisha umeme. Lakini upana wake ulikuwa nanomita 100, hali uzi wenyewe ni wa nanomita 2, na fedha ilikaa kwa punje punje kama shanga zisizolingana. Hapa kiumbe hakikutoa umbo. Kilitoa njia tu. Si kalibu wala si faroma. Kama lazima kitafutwe kifananio, ni utambi wa mshumaa, ambao huchovywa katika nta mara kwa mara na mwisho hauonekani, ijapokuwa bila yeye mshumaa usingesimama. Ripoti nyingi zilizofuata zimeziweka nyaya za namna hii katika fungu moja na zile za Stuttgart, na msomaji asiye mwangalifu hudhani usahihi wa umbo ni ule ule.

Magamba ya vipepeo hurudi katika upande wa faroma, na kwa ukubwa ulio mkubwa zaidi. Lile vumbi linalobaki vidoleni mtu akimshika kipepeo ni magamba ya kitini, na kila gamba lina mifuo, nguzo na madirisha yaliyopangwa kwa vipimo vinavyokaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga. Kwa sababu hiyo buluu ya vipepeo wengine haitokani na rangi yoyote bali na mpango huo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai walitangaza nakala za magamba hayo katika metali saba: kobalti, nikeli, shaba, paladiamu, fedha, platini na dhahabu. Kitini kwa asili hakipokei metali vizuri, basi ngozi yake ilibidi kutayarishwa kwanza na kutiwa mbegu za dhahabu kabla ya kuchovywa. Kitini chenyewe kikaondolewa mwishowe, na metali ikasimama peke yake ikiwa na mifuo na madirisha yote. Nyufa zilizo kati ya mifuo hiyo huukusanya mwanga kwa nguvu, na hivyo molekuli chache mno zilizokaa juu yake huweza kutambuliwa kwa mtawanyiko wa mwanga uliogunduliwa na C. V. Raman katika India mwaka 1928. Nakala za shaba zimejaribiwa kwa kazi hiyo, ambayo kwa kawaida hutaka dhahabu au fedha.

Tofauti kati ya gamba na kirusi haina budi kutajwa, maana huamua nini kinaweza kwenda kiwandani. Virusi vya batobato vyote vimepigwa chapa moja. Gamba la kipepeo hutofautiana na jirani yake juu ya bawa lile lile, na kipepeo hutofautiana na nduguye. Kwa chombo cha kupimia, tofauti hiyo ni kasoro. Kwa kichocheo, ambacho hutaka uso mkubwa tu, si kitu. Aidha, metali ina tabia yake isiyotii kiolezo chochote: hukua kwa punje, na punje ikiwa kubwa kuliko nakshi, nakshi hupotea, kama vile mtu angetaka kuchora herufi ndogo kwa chokaa yenye kokoto.

Katika Chuo Kikuu cha Maryland jambo limesogezwa hatua zaidi kwa kumbadilisha kiumbe mwenyewe. Watafiti waliongeza katika protini ya kirusi cha batobato asidi amino moja yenye salfa, na kwa kuwa salfa hushikana sana na dhahabu, virusi vikatiwa juu ya kibao cha dhahabu vikasimama wima kwa wingi kama majani ya ukoka. Baadaye vikachovywa nikeli. Kazi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2008, ilikusudiwa kwa betri, ambamo kila ongezeko la uso katika ncha ya umeme ni ongezeko la mahali pa kufanyia kazi. Tundu la katikati halikuhitajiwa; ukuta wa nje tu ndio uliotumika, na kwa hesabu ya maneno yaliyotajwa juu, kirusi hapa ni faroma. Lakini faroma ya mshona kofia huvuliwa kofia yake ikatumiwa tena kesho, na ile ya Maryland hubaki ndani ya nikeli kwa muda wote wa maisha ya betri. Mwandishi wa kamusi ya kemia atakayeliingiza neno hili atalazimika kulisema jambo hilo katika fasili yake, la sivyo mwanafunzi atakaa akisubiri kofia ivuliwe.